Fundi wa Maporomoko na Samaki Wake wa Nundu

Jina lake la ubatizo sikulisikia ila kwa padri, na hata padri alilitamka kwa haraka. Watu wote wa ukingo wetu wa mto, hapa Kisangani, walimwita Fundi. Watoto walisema Papa Fundi. Mke wake alipokasirika alimwita muzee ya majiwe, na alipofurahi alimwita vilevile, kwa hiyo ilimbidi mtu amtazame usoni kujua siku imeamkaje.

Kazi yake ilikuwa katika maporomoko ya Wagenia. Pale wavuvi husimamisha miti mikubwa katikati ya maji, huifunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la tarumbeta ili mkondo wenyewe uwasukumie samaki ndani. Wengine walikata miti, wengine walisuka vikapu, wengine walivipandisha na kuviteremsha. Fundi alichagua mahali. Alisema, "Hapa." Au alisema, "Hapa, hapana." Kwa maneno hayo machache wanaume kumi na wawili walijua kama watarudi nyumbani jioni.

Nilikuwa jirani yake miaka ya hamsini. Wazazi wangu walitoka Maniema wakapata kiwanja nyuma ya nyumba za wavuvi. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri, jambo ambalo siku zile lilimfanya kijana atembee kama amemeza fimbo, na ofisi moja ya serikali iliyoshughulika na mito ilikuwa imenipa kalamu na meza. Fundi akaniita Karani, na mpaka leo sijapata cheo kingine kilichonikaa vizuri kuliko hicho.

Naandika habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alistahili kuandikwa. Ya pili nitaifikia. Siifichi, ila ina mahali pake.

Siwezi kumweleza Fundi bila kumweleza samaki wake. Ni samaki mdogo, hapiti urefu wa kiganja, mwenye rangi ya jiwe lililolowa. Dume likikomaa huota nundu juu ya paji la uso, kama mtu aliyejigonga mlangoni na uvimbe ukakataa kushuka. Sokoni hakuna anayemtaka. Akinaswa kikapuni kwa bahati mbaya, hutupiwa paka, na paka naye hufikiri kwanza.

Lakini mtazame anapoishi. Katika mkondo unaovunja mti mnene kama paja, yeye hukaa chini kabisa, tumbo juu ya mwamba, akijishikiza kwa mapezi kama mlaji aliyeegemeza viwiko mezani. Haogelei sana. Akitaka kuhama huruka hatua moja, hupumzika, huruka nyingine, kutoka jiwe hadi jiwe. Ukimtia kwenye karai la maji yaliyotulia huzama kama kijiko. Nyumba yake ni pango chini ya jiwe. Hulichimba kwa mdomo, akibeba mchanga na kokoto na kuvitema nje, mpaka mbele ya mlango panakuwa na kilima kidogo. Humo ndani jike hutaga mayai darini, na wakishatoka watoto, baba na mama huwalinda pamoja. Mvuvi akiingiza kidole, huumwa.

Fundi alijua jambo moja juu ya samaki huyo, nalo lilimtosha kwa kazi ya maisha yake yote: hachimbi chini ya jiwe linalotembea.

Kila mafuriko mto huyapanga mawe upya. Jiwe kubwa kama jiko la nyumba laweza kuonekana limetulia tangu kuumbwa kwa dunia, kumbe limekalia changarawe tu, na maji yakija linaondoka na kila kilichoegemezwa juu yake. Jicho la mtu haliwezi kulijua. Samaki wa nundu hulijua. Kwa hiyo kila mwaka, maji yakipungua na miamba ikitoa migongo yake, Fundi aliingia katika mifereji kati ya mawe, maji yakimfika kifuani, mkono wa kushoto umeshika mwamba, wa kulia unapapasa chini. Alipapasa kilima cha mchanga. Akikipata, alipapasa mlango. Akiupata, aliingiza kidole na kungoja, uso umeelekea mbinguni kama mtu anayenyolewa. Kisha alipiga kelele kuelekea ukingoni:

"Imeniuma! Leta muti!"

Na mti uliletwa, ukasimamishwa kando ya jiwe lile, na haukuanguka.

Nilimwuliza mara moja kama ni dawa ya ukoo wake au nini. Alinitazama kwa huruma.

"Dawa gani, Karani? Weye ukiwa na bibi na watoto mia mbili, utajenga nyumba chini ya jiwe yenye inatikisika?"

"Hapana."

"Bon. Mbisi pia hapana." Mbisi ndivyo alivyomwita samaki.

Hakumla kamwe. Hakukuwa na mwiko. Alikuwa Mkristo wa kawaida, na mwiko mmoja tu alioujua ni wa kumkawiza mkewe na chakula, nao aliuvunja kila jioni. Alisema tu, "Mutu hakuli mupimaji yake." Akimkuta kikapuni alimrudisha mwenyewe katika mfereji mmoja mwembamba, karibu na ukingo, ambao hakuruhusu mtu yeyote kuuvua. Alimwachilia kwa mikono miwili na kumwambia, "Rudi kazini." Kutoka mfereji ule, alisema, watoto wa nundu walitawanyika kila mwaka kuyajaribu mawe mapya. Ule ulikuwa shule yao.

Mtu huyu aliyetembea bila viatu juu ya miti iliyolowa, kamba mdomoni, maji yakinguruma chini yake, aliogopa baiskeli. Niliponunua yangu aliizunguka mara tatu. Akaishika usukani, akaitikisa, akainama kutazama chini yake.

"Inatikisika," akasema.

"Papa Fundi, ukipanda inasimama yenyewe."

"Chini ya hii hakuna mbisi itakubali kulala."

Akarudi kwake kwa miguu, na kwa miaka yote niliyomjua alipotaka kwenda mjini alitangulia saa moja mapema, nami nikampita njiani nikipiga kengele, naye akiniombea dua kwa sauti.

Na sauti yake ilikuwa tatizo. Mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za maporomoko hajui kunong'ona. Kanisani aliimba akawafunika watu wote, na hakupata noti hata moja. Jumamosi, siku ya kuungama, watu walipenda sana kupanga mstari nyuma yake. Tulijua kwamba alimtukana shemeji, kwamba alikula kipande cha pili cha nyama akamsingizia mbwa. Padri alimwomba apunguze sauti. Akapunguza, na tangu hapo waliokuwa nje ya mlango hawakusikia vizuri. Ndani tulisikia kama kawaida. Tulipomtania alishangaa.

"Nilishafanya, alors niseme polepole kwa nini? Mungu alikuwa pale nikifanya. Munaficha nani?"

Nililicheka neno hilo pamoja na wengine. Nilikuja kulikumbuka baadaye.

Hakujua kusoma, na alikuwa na neno lake kwa wajuaji: hakulowa. Mhubiri aliyesimulia habari za bahari bila kuiona, hakulowa. Kijana aliyetoa mashauri juu ya ndoa, hakulowa. Siku moja nilileta nyumbani ramani ya mto kutoka ofisini, nikaitandaza mbele yake kwa majivuno. Aliipitishia kidole toka juu hadi chini.

"Majiwe iko wapi?"

"Ramani haionyeshi mawe yote, Papa Fundi."

"Inaonyesha maji bila majiwe?" Akanirudishia karatasi yangu kwa adabu. "Basi ile aliandika hakulowa. Na weye, Karani, unabeba karatasi yake. Weye pia, bado."

Mkewe, ambaye tulimwita Mama Fundi, alikausha samaki kwa moshi mbele ya nyumba, na ndiye mtu pekee aliyemshinda kwa maneno. Ilikuwa furaha yangu ya jioni kuwasikiliza ng'ambo ya ua.

"Muzee ya majiwe! Lituma inapoa!"

"Niko nakuja."

"Ulisema uko nakuja jua ikiwa pale juu. Sasa jua iko wapi?"

"Jua ndiyo ilitembea. Mimi niko hapa hapa."

"Basi ukule jua."

Alicheka mwenyewe kabla mkewe hajacheka, akaja, akakaa, akamega ndizi ile iliyotwangwa, akaisifu. Hakumsifu mtu mwingine. Mti ukisimama miaka mitatu alisema mto ulikuwa na huruma. Ukisifu jicho lake alisema, "Si jicho, iko kidole. Na kidole si yangu, iko ya mbisi." Sijaona tena mtu aliyekuwa hodari hivyo akajitoa kabisa katika uhodari wake.

Sasa nifikie sababu ya pili.

Mwaka mmoja, maji yalipokuwa chini, alikuja mgeni kutoka Ulaya na masanduku ya chupa za kioo na dawa iliyochoma pua. Alikuwa mtaalamu wa samaki. Ofisi ilinitoa nimsaidie na kumfasiria. Simlaumu. Alikuwa mtu mpole, aliniita vous, ile "ninyi" ya heshima ya Kifaransa, ambapo wakubwa wangu waliniita "wewe" kama mtoto, na neno dogo kama hilo lilinilevya kuliko pombe ya lotoko. Alitafuta samaki wadogo wanaoishi katika maji ya kasi. Siku tatu alivua kwa nyavu zake nzuri na hakupata kitu, maana samaki wa nundu hatoki nyumbani kwa ajili ya wavu.

Jioni ya siku ya tatu alinionyesha chupa alizoleta kutoka mito mingine. Kila moja ilikuwa na kikaratasi chenye jina la mahali na jina la aliyemkusanya samaki. Nilikiona kikaratasi, na nikaona jina langu juu yake, limewekwa katika kabati mahali ambapo theluji huanguka.

"Monsieur," nikasema, "mimi najua wanapokaa."

Fundi alikuwa amekwenda msituni siku mbili kuchagua kamba. Nilimpeleka yule mgeni kwenye mfereji mwembamba karibu na ukingo. Alitazama, akafurahi, akafungua kopo la unga wa mizizi. Niliijua kazi ya ule unga. Kwetu Maniema akina mama hutwanga majani yenye nguvu kama hiyo na kuyatia katika vijito kuwalevya samaki. Lakini majani yale hulevya kidogo tu, na kijito husahau upesi. Yeye aliukoroga katika ndoo, akanipa ndoo, akaniambia nimwage polepole pale juu, maji yanapoingia. Nikamwaga. Kwa mkono huu wa kulia ninaoandikia.

Nikashuka kusimama na mgeni chini ya mfereji. Walitoka madume kwanza, midomo wazi, wakiruka kutoka jiwe hadi jiwe kama kawaida yao, ila safari hii bila kushika jiwe. Kisha majike. Kisha likatoka wingu la watoto wembamba kama punje za mchele, likapita kati ya miguu yangu. Jike mmoja hakutoka. Nilimwona mlangoni pake, ameziba shimo kwa mwili, mpaka akageuka ubavu. Mgeni alihitaji samaki ishirini. Aliwachagua kwa kibano. Waliobaki mto uliwachukua.

Usiku ule mgeni hakulala mpaka amemaliza chupa zake, na asubuhi nikasoma vikaratasi. Palikuwa na jina la mahali, habari ya maji na jina lake mwenyewe. La kwangu halikuwepo. Nikasema merci, nikambebea masanduku mpaka kwenye meli.

Fundi aliporudi aliingia majini kuanza kazi ya mwaka. Siku ya kwanza alipapasa asipate kitu. Siku ya pili alishuka katika mfereji wake wa shule, akatoka, akashuka tena. Jioni ya siku ya tatu alikaa juu ya mwamba, miguu majini, nami nikapita.

"Karani, mbisi imekwenda wapi?"

Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa peke yake. Nikasema labda jua lilikuwa kali.

"Jua haijaua mbisi hii tangu babu yangu. Kesho nitaita wazee wote. Kuna mutu alifanya kitu."

Ndipo nilipofanya kosa ambalo, ukililinganisha na ule unga, unga ulikuwa mchezo. Niliogopa wazee. Niliogopa waniulize mmoja mmoja. Nikanyoosha kidole kuelekea jiwe moja pana lililoletwa na mafuriko ya mwaka uliopita, katikati ya mkondo mkubwa.

"Mbona mimi nimeona mmoja, Papa Fundi? Jana. Chini ya jiwe lile. Kilima cha mchanga na kichwa chenye nundu, nimemwona kwa macho yangu."

Uso wake ukafunguka.

"Kweli? Donc wamehama tu!" Akanipiga begani. "Mi nazeeka, vidole vyangu vinakufa. Lakini weye macho iko bado. Karani, leo umelowa!"

Alishuka kulijaribu jiwe lile, lakini mkondo pale ulikuwa mkali na kidole hakikufika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimamisha miti kwa neno la mtu badala ya kidole chake. Mtu huyo ni mimi.

Mwezi wa kumi na moja maji yalipanda. Fundi alikuwa juu ya miti akikaza kamba wakati jiwe pana lilipoanza kutembea. Waliokuwa pale wanasema halikuruka wala kubingirika. Lilisogea tu, kwa utulivu, kama mtu anayempisha mwenziwe benchini. Miti ikalala. Wenzake walimvuta kwa kamba akiwa hai, lakini mkono wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya mti na mwamba.

Nilimtembelea hospitalini na machungwa. Mkono ulikuwa umefungwa mpaka kiwiko. Nikaanza kulia, akanikataza.

"Weye haukukosa, Karani. Uliona mbisi, ukasema. Mbisi ndiyo ilinidanganya. Ilichimba pale pabaya." Akageukia ukuta. "Nimezeeka. Haitaki tena kusema na mimi."

Machungwa nikayaweka mezani. Ukweli nikaondoka nao. Nimeishi miaka mingi na nimeumiza watu wengine, lakini ukiniuliza saa gani ningependa nirudishiwe, sitataja saa ya ndoo. Nitataja saa ile ya machungwa.

Maana mkono haukuwa hasara kubwa kuliko zote. Fundi alipotoka hospitalini habari ilikuwa imekwisha kuenea ukingoni: samaki wa nundu amekosea. Vijana wakamtania. "Papa Fundi, mbisi yako ililewa?" Yeye mwenyewe aliwaunga mkono. Aliketi mbele ya nyumba, mkono umelala mapajani kama kitu cha jirani alichoachiwa akilinde, na kila aliyemwuliza alimjibu, "Muache mbisi. Iko na uongo." Wakaacha. Wakawa wanasimamisha miti kila penye jiwe kubwa na nafasi nzuri. Ujuzi uliokaa katika kidole kimoja tangu babu yake ulizimwa na sentensi yangu moja.

Niliomba uhamisho. Nikapelekwa Yanonge, huko mto unakoshukia, kuandika mizigo na abiria. Kila meli iliyoshuka kutoka mjini iliniletea salamu za nyumbani na habari za Wagenia: miti mitatu imelala, miti miwili imelala, mtu mmoja amechukuliwa na maji, akashika kikapu, akaokolewa mbali kule maji yanakoshukia. Nilizipokea nikaenda kukaa nyuma ya ghala. Mwaka wa pili, maji yalipoanza kupungua, nilijua kwamba wako karibu kusimamisha miti tena, na kwamba safari hii huenda kikapu kisipatikane cha kushika. Nikapanda meli kurudi.

Nilifika asubuhi. Wanaume walikuwa tayari juu ya miamba na miti mipya. Fundi alikaa kwenye mwamba wa ukingoni, mkewe karibu naye akipanga samaki juu ya moto wa moshi. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliinua mkono wa kushoto.

"Karani ya Yanonge! Umenona. Kule munakula nini, mizigo ya watu?"

"Papa Fundi, nina neno."

"Sema."

Nikasema. Akaweka kiganja sikioni.

"Sema kwa nguvu! Maji iko napiga kelele!"

Nilikuwa nimejiandaa kunong'ona. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kunong'ona. Nikapaza sauti.

"Mbisi haikukudanganya! Ni mimi!"

Nikaeleza nikipiga kelele, kila kitu: mgeni, mfereji, unga, ndoo, jike aliyeziba mlango. Nikapiga kelele kwamba chini ya jiwe pana sikuona samaki wala mchanga, sikuona kitu, niliogopa tu. Juu ya miamba wanaume waliacha kufanya kazi mmoja baada ya mwingine wakageuza vichwa. Nilipomaliza koo lilikuwa linauma.

Fundi alitazama maji.

"Haukuona mbisi," akasema.

"Sikuona."

"Hata moja."

"Hata mmoja, Papa."

"Donc mbisi haikukosa." Akarudia kwa sauti ile ya kanisani, akiwageukia wanaume wote: "Munasikia? Mbisi haikukosa!" Kisha akatikisa kichwa, na nikaona macho yake yamejaa. "Miaka mbili naitukana, masikini. Miaka mbili. Kila asubuhi."

Nilipiga magoti. Mama Fundi alisimama na kijiti cha moto mkononi.

"Muzee ameanza kusamehe mbisi," akaniambia. "Mimi ndiye nilimukatia nyama na kumufunga vifungo vya shati. Mimi bado."

"Ndiyo, Mama."

"Bado kabisa."

"Muache kwanza," Fundi akasema, akiinuka kwa shida. "Iko na kazi. Karani, vua viatu."

Nilimfuata mpaka kwenye mfereji mwembamba. Maji yalikuwa baridi, yakanifika kifuani, yakanisukuma ubavuni kama umati wa watu. Yeye alisimama juu yangu, miguu imeachana juu ya mwamba. Aliniambia kwamba tangu siku ile vidole vyake havisikii moto wala baridi, na kwamba hakuwahi kushuka tena kutazama kama wamerudi, maana mtu hamtembelei aliyemdanganya.

"Weka mukono chini ya ile jiwe ya mweusi."

"Mkono gani?"

"Ile ulimwaga nayo."

Nikauzamisha mkono wa kulia mpaka begani, shavu juu ya maji. Nilipapasa mwamba, utelezi, mwamba tena. Kisha vidole vikapanda juu ya kitu laini kilichorundikwa. Mchanga. Nikaufuata mpaka kwenye tundu. Nikaingiza kidole, nikangoja, nikageuza uso juu kama alivyokuwa akifanya yeye, na nikaelewa kwa nini: hutaki mtu aone unavyoomba.

Samaki akaniuma. Ni mdogo, lakini huuma kwa nia yake yote. Nikataka kuutoa mkono.

"Iko nakuuma?"

"Ananiuma, Papa."

"Usitoe. Acha ikuume." Akaniinamia kidogo, kana kwamba angeweza kusikia kwa kidole changu. Tulikaa hivyo, samaki akiniuma, akiacha, akiniuma tena, naye Fundi akihesabu kimya kwa midomo. Kisha akanyoosha mgongo, akajaza kifua, akawageukia wanaume waliokuwa wakingoja juu ya miamba.

"Imetuuma!" akapiga kelele. "Leta muti!"